Ziara ya Familia kwa Ndugu wa Kisiwani: Maji, Safari na Adabu ya Ugeni

Kusini mwa Dar es Salaam, mbele ya delta ya mto Rufiji, kipo Kisiwa cha Mafia, na kandokando yake vimetawanyika visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Wenyeji wake ni wavuvi, wakulima wa minazi na mihogo, mafundi wa vyombo vya baharini na wasusi wa mikeka. Watoto wao wengi wameolewa, wanasoma au wanafanya kazi bara, kwa hiyo kila likizo ya shule hazikosekani familia za mjini zinazovuka kwenda kumwona bibi, shangazi au mjomba aliyebaki kisiwani, katika nyumba ya udongo au ya mawe iliyoezekwa makuti, yenye choo cha shimo uani na kisima cha jirani. Ziara ya namna hiyo huendeshwa na maji kuliko kalenda. Maji ya bahari huamua siku na saa ya kufika na ya kuondoka. Maji ya kisima huamua nyumba inaweza kubeba wageni wangapi, kwa siku ngapi. Familia inayoanza na mambo hayo mawili hupumzika. Inayoanza na tarehe za ruhusa ya ofisini huishia kugombana na nahodha.

Likizo ndefu za shule huangukia Juni na Desemba, na kwa safari ya bahari miezi hiyo miwili haifanani hata kidogo. Juni ni katikati ya kusi, upepo unaotoka kusini na kuvuma kwa nguvu mpaka Agosti. Mawimbi huwa makubwa, vyombo vidogo hulala bandarini, na safari iliyopangwa Jumatatu inaweza kufanyika Jumatano. Masika, kati ya Machi na Mei, huongeza mvua kubwa juu ya upepo, na barabara ya kwenda bandarini nayo huharibika. Desemba kaskazi ndiyo kwanza inaanza, vuli inaisha, na bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Joto la Januari na Februari ni kali, lakini joto halizamishi mtu. Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, Desemba ndiyo likizo ya kisiwani. Juni iachiwe wanaume wazima waliozoea bahari.

Njia ya gharama nafuu huanzia Mbagala Rangi Tatu kwa basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti hadi Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Kutoka Kilindoni ni mwendo mfupi wa gari hadi Utende, na hapo ndipo hupatikana mashua na boti za kwenda Chole, Juani na Jibondo. Wanaomudu hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari ya nusu saa hivi, lakini mizigo ya zawadi hailingani na uzito unaoruhusiwa ndani ya ndege hizo. Nyamisati imo ndani ya mikoko ya delta, mahali ambapo maji yakipwa mkondo hupungua kina, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku. Busara ni kuuliza bandarini jana yake, si kutegemea saa iliyokumbukwa na jamaa aliyesafiri mwaka jana.

Anayejua kuhesabu mwezi hahitaji hata kuuliza sana. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Katika pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kati ya tarehe 8 na 10, na tena kati ya 22 na 24, huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo. Maana yake kwa msafiri ni rahisi. Atakayefika ufukweni saa 4 asubuhi siku ya bamvua atakuta chombo kimekaa juu ya mchanga, na atatembea na mizigo kichwani kwenye matope na mawe makali mpaka penye maji. Mwenye mama mzee au mtoto anayebebwa achague siku za maji mafu, au apange kufika jioni bahari ikiwa imejaa.

Kupanda chombo kwenyewe kunahitaji maandalizi. Pengi hakuna gati. Abiria huvua viatu, hukunja suruali au kupandisha kanga, huingia majini mpaka mapajani na kuvutwa juu na baharia. Simu, hati na dawa zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, ufungwe mwilini na si ndani ya begi. Mtoto mchanga asifungwe mgongoni kwa kanga wakati wa safari, kwa sababu chombo kikipinduka fundo la kanga iliyolowa halifunguki upesi, apakatwe mbele. Jaketi la kuokolea la mtu mzima humchomoka mtoto wa miaka 4, na saizi za watoto ni nadra kwenye boti za kijijini. Familia inayosafiri mara kwa mara inunue ya kwake. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza, kabla ya miwani ya jua na kofia.

Chombo kilichojaa kupita kiasi kiachwe kiende. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha huku nchi kavu ikionekana, na kilikuwa kimebeba abiria wengi kuliko uwezo wake. Msongamano wa aina hiyo huwa mkubwa siku mbili tatu kabla ya Idd na siku za mwisho za likizo. Familia iliyotangulia kwa juma moja hupata nafasi, na hupata pia siku za kumsaidia mwenyeji kuandaa sikukuu badala ya kumkuta jikoni.

Wakati wa kumjulisha mwenyeji, kinachotakiwa ni idadi ya watu na idadi ya usiku, bila kuficha. Kauli ya kwamba tutakuja wachache tu humtia mwenyeji hasara, kwa sababu yeye huazima magodoro, hukopa mchele dukani na kuchinja kuku aliyekuwa akiba ya ada ya mtoto. Inafaa mgeni aseme mapema kwamba analeta chakula chake na kwamba atalala mkekani. Mwenyeji atabisha, kubisha ni sehemu ya ukarimu, na mgeni asirudi nyuma.

Maji ya kisima ndiyo yanayostahili kufikiriwa kuliko kitu kingine chochote. Visiwa hivi vimeundwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yanayopitisha maji kwa urahisi. Mvua huzama ardhini na kuelea kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Kisima kikichotwa kupita kiasi, hasa mwisho wa kiangazi, chumvi hupanda na maji huanza kuonja chumvi hata kwenye chai. Mtu mmoja akitumia lita 20 kwa siku, kiasi cha chini cha kunywa, kupikia na kuoga kwa uangalifu, familia ya watu watano inahitaji madumu matano kila siku juu ya yale ya wenye nyumba. Madumu hayo hubebwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni binti wa nyumba mwenye umri wa kwenda shule, anayeamka alfajiri kabla ya foleni na kurudi na ndoo kichwani, kata ikielea juu ya maji ili yasimwagike. Wageni wakioga mara tatu kwa siku kwa ndoo nzima, ni yeye anayerudi kisimani mara tatu.

Kwa hiyo watoto wa mjini wafundishwe kuoga kwa kata kabla hawajapanda basi: kata mbili za kujilowesha, sabuni, kata nne za kujisuuza. Aliyetoka baharini hujisuuza chumvi kwa kiasi hicho hicho. Nguo zisibadilishwe kila baada ya mchezo, na wakubwa wa familia ya wageni, wanaume kwa wanawake, wachukue zamu yao ya kuteka. Mwenyeji akiona baba wa mjini anabeba dumu atacheka na kumnyang'anya. Siku ya pili atamwachia.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Si dharau kwa kisima cha mwenyeji. Miamba hiyo hiyo inayopitisha mvua hupitisha na uchafu wa vyoo vya shimo, na tumbo la mwenyeji limezoea yale ambayo la mgeni halijazoea. Ili kuepusha maneno, mgeni abebe dawa ya kutosha nyumba nzima na kuni zake za kuchemshia azinunue. Mtoto akiharisha apewe maji ya ORS. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vya kusawazishwa, na mtoto hunywa kidogo kidogo bila kusitishwa.

Kuhusu zawadi, kanuni ni kupeleka kile ambacho kisiwa hakitoi. Kupeleka samaki Jibondo ni kichekesho. Kinachopokelewa kwa furaha ni mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, majani ya chai, sabuni za kipande, vitunguu, nyanya na karoti, kwa kuwa mboga na viungo vya bara hufika kwa shida na kwa bei ya juu. Tochi ya sola hufaa kuliko kifaa cha umeme. Fedha taslimu zitolewe kwa siri, na zikabidhiwe mama wa nyumba anayejua deni la dukani, si kuonyeshwa barazani mbele ya watu. Noti ziwe ndogondogo na zitoke mjini, maana wakala wa simu wa kijijini huishiwa fedha, hasa siku wavuvi wanapolipwa.

Kitoweo hununuliwa diko, mahali vyombo vinapotua. Kabla mgeni hajajinunulia changu au tasi, aulize nyumba inanunua kwa nani, kwa sababu kila kaya ina mvuvi wake na hesabu zake. Wanawake huenda mwambani maji yakipwa kutafuta pweza na chaza, na mgeni anayetaka kufuatana nao avae viatu vya plastiki vya kufunga, aende na wenyeji na arudi nao. Baadhi ya vijiji vya pwani hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue. Kijana wa mjini anayechomoa pweza mdogo kwenye mwamba uliofungwa humtia aibu mjomba wake mbele ya kamati ya kijiji. Nyumbani, mikono ya ziada huhitajika kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kwenye karai la vyombo. Mgeni asiyejua kukuna nazi atajifunza kwa nazi mbili, na tui litakuwa na vipande vya kifuu, na hakuna atakayekasirika.

Nyama ya kasa isiliwe kabisa, hata mwenyeji akiileta kwa heshima. Kasa analindwa na sheria, lakini sababu kubwa kwa mzazi ni sumu. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitali. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa, haina ladha wala harufu, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Bunju naye, yule samaki anayejaza tumbo kama puto akitolewa majini, ni sumu na si mchezo wa watoto.

Baharini, mtoto asiyejua kuogelea asivuke magoti bila mtu mzima kando yake. Sehemu nyingine wenyeji huvuka kwa miguu kutoka kisiwa hadi kisiwa maji yakipwa sana. Wao wanajua saa ya kurudi, mgeni hajui, na bamvua hujaa kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kutembea. Mwiba wa taa au wa samaki wa mawe hutulizwa kwa kuloweka mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha mgonjwa apelekwe zahanati. Aliyeguswa na konyeza asisuguliwe kwa mchanga. Nchi kavu, watoto wasilale wala kucheza chini ya minazi yenye nazi zilizokomaa, na kila asubuhi viatu vikung'utwe, kwa maana nge na tandu hupenda giza la ndani ya kiatu.

Malaria bado ipo, kwa hiyo kila kitanda kiwe na chandarua, na ni vizuri wageni waende na vyao kuliko kuwaondolea wenyeji. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Wenye shinikizo la damu, kisukari au pumu wabebe dawa za siku zote za ziara na za juma moja zaidi, maana bahari ikichafuka hakuna wa kuwafuata. Mjamzito aliye karibu kujifungua abaki mjini. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuzunguka kijiji, familia ijue zahanati iko wapi, nani ana boti yenye injini inayoaminika, na anapatikanaje usiku.

Vijiji hivi ni vya Kiislamu kwa wingi mkubwa, na desturi zake hazina ugumu kwa anayezitazama. Mtoto hutoa shikamoo kwa kila mkubwa anayempita njiani, si kwa babu na bibi pekee. Hodi hupigwa na kusubiriwa. Wanawake huvaa kanga au dera nje ya nyumba na huingia baharini na nguo. Wanaume hawazunguki kijijini vifua wazi. Wanaume wanaweza kuandaliwa sinia barazani na wanawake ndani, na familia iliyozoea meza moja iache desturi ya nyumba iende. Pombe na soseji za nguruwe zisipakiwe. Katika Ramadhani, mgeni asiyefunga ale ndani kimyakimya. Picha ya mtu huombwa kwanza, hata ya ndugu.

Taka ni jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini pampasi, chupa na betri bado husafiri. Kisiwani hakuna gari la taka; pampasi iliyotupwa chooni hujaza shimo lililochimbwa kwa jasho kwenye mwamba, na iliyotupwa ufukweni hurudi na maji. Vitambaa vya kufua vingefaa kuliko pampasi, ila vitambaa hula maji ya kisima. Kwa ziara ya siku nne, pampasi zilizokunjwa na kurudishwa mjini ndani ya ndoo yenye mfuniko ndizo nafuu, ingawa harufu yake kwenye basi haifichiki.

Matembezi yapo ya kutosha bila kumchosha mwenyeji. Juani kuna magofu ya Kua, mji wa kale wa mawe uliomezwa na mibuyu na vichaka. Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana na kuruka magharibi inapoingia. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni. Hutazamwa kwa mbali bila kuguswa. Chole, Juani na Jibondo vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo kiingilio na masharti yaulizwe kwenye ofisi yake Utende, hasa kwa familia yenye wakwe au marafiki kutoka nje ya nchi. Makombe hai na matumbawe hayachukuliwi kuwa kumbukumbu.

Siku tatu hadi nne za kukaa zinatosha nyumba nyingi. Kabla ya kuondoka, deni la dukani lililoongezeka kwa sababu ya wageni liulizwe na lilipwe, na mapipa ya maji yaachwe yamejaa. Mwenyeji atafunga nazi, ng'onda na mkeka wa ukili. Vipokewe vyote, hata kama begi limejaa, kwa sababu kuvikataa ni kumwambia kwamba alichonacho hakifai. Safari ya kurudi ipangwe ikiwa zimebaki siku mbili kamili kabla ya shule kufunguliwa au kazi kuanza. Familia isiyoweza kupata siku hizo mbili isilazimishe bahari ya Juni, ingoje Desemba.